Maski Isiyovuja: Tiba ya Kukatika kwa Pumzi Usingizini Inavyoweza Kufanikiwa Nyumbani



Sekenke inajulikana nchini kwa mambo mawili. La kwanza ni dhahabu yake, iliyoanza kuchimbwa enzi ya utawala wa Wajerumani na ambayo mwaka 1916, vita vikiendelea, ilitumika kutengenezea sarafu za rupia 15 mjini Tabora. La pili ni mlima wake, ambao barabara kuu itokayo Singida kwenda Nzega na Mwanza huuteremka kwa kona kabla ya kufika Shelui. Yote mawili humtaka mtu awe macho. Mchimbaji aliye shimoni hana ruhusa ya kusinzia. Na gari liendalo kilomita 60 kwa saa hupita mita 50 katika sekunde 3 ambazo dereva amefumba macho. Kwenye kona za mlima, mita 50 ni nyingi mno.

Wapo watu ambao husinzia mchana si kwa uvivu wala kwa kukesha, bali kwa sababu wamelala saa nane kitandani bila kuupata usingizi wenyewe. Ugonjwa wao huitwa kukatika kwa pumzi usingizini. Mada hii inauhusu ugonjwa huo na, hasa, kasoro moja ndogo inayoifanya tiba yake ishindwe nyumbani: maski inayovujisha hewa.

Jinsi pumzi inavyokatika

Mtu alalapo, misuli ya koo hulegea. Kwa watu wengi njia ya hewa hubaki wazi. Kwa baadhi yao, ulimi na kaakaa laini hurudi nyuma na kuibana njia hiyo, ndipo mkoromo unaposikika. Njia ikifunga kabisa, mkoromo hukoma ghafla na chumba huwa kimya. Kifua huendelea kupanda na kushuka kikitafuta hewa, lakini hewa haipiti. Oksijeni katika damu hupungua, ubongo hushtuka na kumwamsha mlalaji kwa kitambo kidogo tu. Hutweta, hukoroma kwa kishindo, kisha husinzia tena. Asubuhi hakumbuki lolote. Anayekumbuka ni mwenzi wake aliyekuwa akihesabu kimya hicho gizani.

Wataalamu huhesabu mara ambazo pumzi hukatika au hupungua sana, kila mara kwa sekunde 10 au zaidi, katika saa moja ya usingizi. Zikiwa mara 5 hadi 14, ugonjwa huhesabiwa kuwa hafifu. 15 hadi 29, wa wastani. 30 au zaidi, mkali. Mwenye 30 hukatizwa usingizi kila baada ya dakika 2 kwa wastani, usiku kucha. Haishangazi kwamba asubuhi huamka na kichwa kinachouma, mdomo uliokauka na mwili mzito kama wa mtu aliyebeba mizigo.

Ugonjwa huu huambatana na shinikizo la juu la damu, hasa lile lisiloshuka ingawa mgonjwa anameza dawa zake ipasavyo. Huambatana pia na maradhi ya moyo, kiharusi na kisukari. Huwapata zaidi watu wanene, wenye shingo nene, wanaume, na wanawake waliokoma hedhi. Lakini mtu mwembamba mwenye taya dogo naye huweza kuupata. Mtoto anayekoroma kila usiku na kuhangaika usingizini apelekwe kwa tabibu, kwa maana aghalabu chanzo chake ni mafindofindo yaliyovimba, ambayo yana tiba yake mahususi.

Mashine na historia ya maski

Tiba inayotumika zaidi kwa ugonjwa wa wastani na mkali ni mashine ndogo ya kusukuma hewa, ifahamikayo hospitalini kwa herufi CPAP. Mashine hii haitoi oksijeni wala dawa. Huvuta hewa ya chumbani, huichuja, na kuisukuma kwa shinikizo dogo lisilokoma kupitia mpira hadi kwenye maski. Shinikizo hilo huitegemeza njia ya hewa kooni isifunge, kama upepo unavyolijaza tanga lisisinyae.

Mwaka 1981 Dakta Colin Sullivan na wenzake wa Sydney, Australia, walichapisha taarifa ya wagonjwa 5 waliotibiwa kwa njia hiyo. Maski za mwanzo hazikuwa na ukingo laini unaoonekana leo. Zilibandikwa puani kwa gundi ya silikoni kila usiku na kubanduliwa kila asubuhi. Kwa hiyo, tangu siku ya kwanza, ugumu wa tiba hii haukuwa katika kuisukuma hewa. Ulikuwa katika kuizuia isitoroke kati ya maski na uso.

Ugumu huo bado upo. Familia huweza kujinyima na kununua mashine, au ndugu aliye ughaibuni akaituma, na baada ya wiki mbili ikawa imefunikwa kitambaa chini ya kitanda. Mgonjwa husema mashine inampulizia machoni, inapiga kelele, inamkausha mdomo, au inamuumiza pua. Malalamiko hayo manne mara nyingi yana asili moja. Si mashine iliyoshindwa. Ni maski inayovuja. Na mashine iliyo chini ya kitanda haimtibu mtu.

Uvujaji unaotakiwa na uvujaji usiotakiwa

Kila maski ya mashine hizi ina vitundu vidogo, ama mbele yake ama kwenye kiungo cha mpira. Hewa hupita hapo wakati wote kwa mvumo mwepesi. Huo ndio uvujaji unaotakiwa, kwa kuwa hutoa nje hewa ya ukaa ambayo mlalaji ameipumua. Vitundu hivyo visizibwe kamwe kwa gundi, plasta, shuka wala kitambaa. Anayeviziba kwa kudhani anazuia uvujaji humrudishia mgonjwa hewa chafu aliyokwisha kuitoa.

Uvujaji usiotakiwa ni ule unaopita pembeni mwa ukingo wa maski, au unaotokea mdomoni kwa mtu aliyevaa maski ya pua. Ukiwa mdogo, mashine huufidia kwa kuongeza mwendo wa hewa. Ukiwa mkubwa, shinikizo kooni hushuka, njia ya hewa hufunga tena, na pumzi hukatika ingawa mashine inanguruma. Mashine zinazojirekebisha zenyewe huweza hata kupotoshwa: hupandisha shinikizo kwa kudhani koo limebana, shinikizo likipanda maski huvuja zaidi, na mgonjwa huamka akiwa amechoka kuliko alivyolala. Wahenga walisema usipoziba ufa utajenga ukuta, na hapa ufa ni wa upana wa unywele.

Mashine nyingi za kisasa huonyesha kiasi cha uvujaji asubuhi. Mtumiaji afahamu kwanza kipimo kinachoonyeshwa. Mashine za ResMed huonyesha uvujaji usiotakiwa peke yake, na kikomo chake ni lita 24 kwa dakika. Nyingine huonyesha jumla ya hewa yote itokayo, pamoja na ile ya vitundu, kwa hiyo namba kubwa huenda isiwe na ubaya wowote. Kijitabu cha mashine au mtaalamu aliyeitoa ndiye wa kuamua.

Kwa nini kukaza mikanda si dawa

Maski ikivuja, jambo la kwanza linalomjia mtu ni kukaza mikanda. Hilo ndilo kosa linaloharibu tiba kuliko mengine yote. Shinikizo la mashine hizi hupimwa kwa sentimita za maji, na kwa kawaida huwa kati ya 4 na 20. Mwenye kutaka kulifahamu kwa mkono wake achukue mrija na glasi ya maji, auzamishe mrija sentimita 10, kisha apulize taratibu hadi mapovu yatoke. Nguvu hiyo ndogo, ambayo mtoto huiweza, ndiyo shinikizo la sentimita 10. Kuizuia nguvu kama hiyo hakuhitaji kufungwa kichwa kama mzigo wa kuni.

Ukingo wa silikoni umetengenezwa kwa ngozi nyembamba inayojaa hewa na kulalia mikunjo ya uso. Mikanda ikikazwa mno, ngozi hiyo hukunjamana, mfereji hujitokeza kwenye kunjo, na hewa hupita hapo kwa mluzi. Mgonjwa hukaza tena, na mfereji mwingine hufunguka upande wa pili. Asubuhi huwa na alama nyekundu juu ya pua, na baada ya siku kadhaa kidonda. Maski inayohitaji kukazwa hadi iumize imechakaa, haijavaliwa sawasawa, au si saizi ya uso huo. Mikanda inayofaa ni ile inayoruhusu vidole viwili kupita chini yake bila taabu.

Utaratibu wa kuivaa maski

Maski huvaliwa vizuri zaidi kwa utaratibu mmoja unaofuatwa kila usiku.

Kwanza, uso uoshwe kwa maji na sabuni na kukaushwa. Mafuta ya kujipaka hufanya ukingo uteleze, na yale ya mgando hudhuru silikoni kadiri siku zinavyopita. Anayependa kujipaka usoni afanye hivyo asubuhi. Ndevu na sharubu nazo huacha upenyo. Mwanamume asiyetaka kunyoa huweza kufaidika na maski ndogo ya vijito viwili vinavyokaa kwenye matundu ya pua, kwa kuwa haigusi mashavu wala kidevu.

Pili, maski ipimwe mtu akiwa amelala, si amekaa. Uso hubadilika alalapo: mashavu huanguka pembeni na taya hulegea. Maski iliyofungwa mbele ya kioo huweza kuvuja dakika ile kichwa kinapogusa mto.

Tatu, mashine iwashwe kabla ya kurekebisha mikanda. Mikanda ilegezwe yote, maski iwekwe usoni, kisha mikanda ivutwe kwa usawa kushoto na kulia hadi mluzi ukome, na iachwe hapo.

Nne, maski ivutwe kidogo mbele, mbali na uso, ukingo ujae hewa, kisha irudishwe taratibu. Kitendo hicho kimoja hunyoosha mikunjo na mara nyingi humaliza uvujaji bila kugusa mikanda.

Tano, mlalaji ageuke ubavu wa kulia, kisha wa kushoto, kama anavyogeuka usiku. Mwenzi wake apitishe nyuma ya mkono uliolowa maji kuzunguka ukingo. Ngozi yenye majimaji huhisi upepo ambao sikio halisikii. Hapo mahali halisi panapovuja hujulikana, na mkanda wa mahali hapo peke yake ndio urekebishwe.

Sita, kipimo kilichofaa kitiwe alama kwenye mikanda kwa kalamu au kwa ushono wa uzi. Baada ya kufuliwa, mikanda irudishwe kwenye alama ile ile, badala ya mtu kuanza upya kila wiki.

Mahali panapovuja husema chanzo

Hewa ikipuliza machoni, mara nyingi maski imepanda juu mno ya pua, au ni kubwa kuliko uso. Macho huwa mekundu asubuhi na mgonjwa hudhani ana ugonjwa wa macho. Hewa ikitoka chini ya pua au kidevuni, mikanda ya chini imelegea, au mtu hulala akiwa amefungua mdomo kupita urefu wa maski.

Mwenye maski ya pua anayeamka na mdomo mkavu kama amekula vumbi, hewa yake hutokea mdomoni. Itazamwe kwanza pua. Pua iliyoziba kwa mafua au mzio humlazimisha mtu kupumulia mdomo, na kuisafisha kwa maji ya chumvi yaliyochemshwa na kupozwa, au kuitibu kituoni, huweza kumaliza shida. Ikishindikana, upo mkanda wa kushikilia kidevu, na ipo maski inayofunika pua na mdomo pamoja. Kufunga mdomo kwa plasta kusifanywe bila ushauri wa tabibu. Mtu aliyezibwa mdomo akitapika usiku yumo hatarini.

Uvujaji unaoanza baada ya miezi kadhaa ya usalama husema kwamba ukingo umechakaa. Silikoni hulegea, hubadilika rangi na kupasuka nyufa ndogo. Ikaguliwe mchana penye mwanga, kwa kuuvuta ukingo taratibu kwa vidole. Mgonjwa aliyepungua au kuongezeka uzito sana naye apimwe upya, maana uso wake si ule wa zamani.

Mto na mpira wa hewa navyo vichunguzwe. Mto mgumu husukuma maski pembeni mtu anapolala ubavu. Mpira unaoning'inia kutoka kitandani huvuta maski kila anapogeuka. Ukipitishwa juu ya ubao wa kichwani na kufungwa kwa utepe laini, mvuto huo hukoma.

Mazingira ya hapa: chandarua, vumbi, maji na umeme

Hakuna sababu ya kuacha chandarua kwa ajili ya mashine. Mashine iwekwe nje ya chandarua juu ya stuli imara, chini kidogo ya usawa wa kichwa ili maji ya chombo chake yasitiririkie mpirani, na mpira upitishwe chini ya pindo lililochomekwa vizuri godoroni. Mashine isiwekwe sakafuni penye vumbi, wala isifunikwe nguo ikiwa inafanya kazi.

Vumbi la kiangazi, na lile la mawe yanayosagwa machimboni, huziba chujio mapema kuliko vijitabu vya watengenezaji vinavyokadiria. Chujio likaguliwe kila wiki. Lile la sponji huoshwa kwa maji na kukaushwa kabisa kabla ya kurudishwa. Lile jeupe la karatasi halioshwi, hubadilishwa likigeuka rangi. Kwa kuwa mashine huvuta hewa ya chumbani, humo ndani pasivutwe sigara wala kuwashwa jiko la mkaa.

Ukingo wa maski uoshwe kila siku kwa maji ya vuguvugu na sabuni laini, ukaushwe kivulini. Mpira na chombo cha maji vioshwe walau mara moja kwa wiki. Dawa za kupaushia nguo na spiriti zisitumike, kwani huharibu silikoni na mvuke wake huvutwa mapafuni. Maji yanayofaa katika chombo cha unyevu ni yale yaliyotoneshwa. Yakikosekana, yaliyochemshwa na kupozwa hutumika kwa muda, lakini kuchemsha hakuondoi chumvi, nayo maji mengi ya visima hubeba chumvi inayoacha ukoko mweupe. Maji yamwagwe kila asubuhi na chombo kiachwe wazi kikauke.

Umeme ukikatika mashine huzima. Mwenye maski avijue vyema vifungo vyake ili aivue gizani, na mtu asiyeweza kuivua mwenyewe asiachwe peke yake nayo. Kwenye nyumba ya sola, hesabu ni rahisi. Mashine inayotumia wati 40 kwa saa 8 huhitaji wati-saa 320. Betri ya volti 12 na ampea-saa 100 hubeba wati-saa 1,200, ambazo nusu yake ndiyo itumike ikiwa ni betri ya asidi, isije ikafa mapema. Kwa hiyo betri moja nzima hutosha usiku mmoja na kubakiza akiba, mradi kipasha maji cha mashine kizimwe, kwa kuwa ndicho kinachokula umeme mwingi. Lakini volti za mashine zisomwe kwanza nyuma yake. Baadhi huhitaji volti 24, na kuunganisha bila kifaa chake sahihi huweza kuiharibu. Jenereta isiwashwe kamwe ndani ya nyumba, kwa sababu moshi wake huua watu waliolala.

Mashine za mtumba na maski ya kuazima

Mashine nyingine hufika zikiwa zimekwisha kutumiwa nje ya nchi. Anayenunua ajue kwamba mwezi Juni 2021 kampuni ya Philips ilitangaza kuzirejesha kiwandani mamilioni ya mashine zake, zikiwemo za DreamStation za toleo la kwanza, kwa sababu sponji ya kupunguza sauti iliyomo ndani ilikuwa ikimomonyoka na chembe zake kuweza kuvutwa mapafuni. Namba ya mashine ya mtumba ikaguliwe kwanza kwa msaada wa fundi wa vifaa tiba. Shinikizo lililowekwa kwa mwenye mashine wa kwanza halimfai wa pili. Hupangwa upya kwa kipimo na maelekezo ya tabibu.

Maski ni ya mtu mmoja. Katika eneo lenye wachimbaji, ambako vumbi la mawe hudhoofisha mapafu na kuyafungulia mlango kifua kikuu, kuvaa maski ya mwingine ni kukaribisha maradhi kwa hiari. Baadhi ya maski zina vifungo vya sumaku. Mwenye kifaa cha kuratibu mapigo ya moyo, au aliye karibu naye kitandani mwenye kifaa hicho, achague maski isiyo na sumaku.

Daftari la siku 7 na ngazi za huduma

Mgonjwa aliyekwisha kuanza tiba awe na daftari. Kila asubuhi kwa siku 7 aandike mambo manne: alivaa maski kwa saa ngapi, ilivuja wapi, aliamka na mdomo mkavu au la, na kama alisinzia mchana. Asiyejua kusoma na kuandika aandikiwe na mtoto wa shule. Marekani, bima ya wazee huhesabu kwamba mgonjwa anaitumia mashine ipasavyo akiivaa saa 4 au zaidi kwa asilimia 70 ya siku katika mwezi. Hicho ni kiwango cha chini. Lengo ni kuivaa kila anapolala, hata usingizi wa mchana.

Daftari hilo, pamoja na maski, mpira na mashine yenyewe, vipelekwe kwa tabibu. Ukurasa mmoja wa siku 7 humwonyesha mengi kuliko neno "inanisumbua". Asiyepimwa bado, lakini anakoroma kwa nguvu, pumzi yake huonekana ikikatika, au husinzia mchana, aanzie zahanati au kituo cha afya kilicho karibu. Hapo hupimwa shinikizo la damu, uzito, mzingo wa shingo na sukari, na huulizwa kuhusu usingizi wake. Kutoka hapo njia ya rufaa ni hospitali ya wilaya iliyoko Kiomboi, kisha Hospitali ya Rufaa ya Mkoa wa Singida, na inapobidi hospitali kubwa zaidi zenye mabingwa wa koo na mapafu. Mgonjwa aende na mwenzi anayelala naye chumba kimoja. Shahidi wa ugonjwa huu ni aliyekuwa macho. Familia isinunue mashine kabla ya kipimo, na kabla ya kununua iulize bei ya maski na vipuri vyake, kwa sababu mashine hudumu miaka na ukingo wa maski hudumu miezi.

Wanaosubiri kipimo au mashine nao wana la kufanya. Kulala ubavu badala ya chali huwapunguzia wengi ukatikaji wa pumzi. Kupunguza uzito husaidia. Pombe na dawa za usingizi hulegeza koo zaidi, kwa hiyo ziepukwe saa za jioni. Lakini aliye na ugonjwa mkali asijiridhishe na hayo peke yake.

Neno kwa madereva na wanaowategemea

Dereva mwenye usingizi wa mchana asiufiche kwa kuogopa kupoteza kazi, wala tajiri wa gari asimlazimishe kuondoka. Kunywa kahawa, kufungua dirisha na kuongeza sauti ya redio hakufungui koo lililofunga usiku. Tiba hulifungua, na dereva anayeitumia vizuri huweza kurudi barabarani akiwa salama zaidi kuliko mwenzake asiyepimwa. Aliyeanza tiba lakini bado anasinzia asiendeshe hadi tabibu amchunguze tena, na jambo la kwanza kuchunguzwa liwe kama maski yake inavuja.

Kazi inayotakiwa nyumbani si kubwa: kunawa uso, kulegeza mikanda kabla ya kuikaza, kupitisha mkono uliolowa kwenye ukingo, kuosha maski na kulijaza daftari. Wenye mashine iliyowekwa chini ya kitanda waitoe leo, waikague, na waipeleke kituoni pamoja na maski yake. Wahudumu wa afya ngazi ya jamii waziulize kaya wanazozitembelea kuhusu mkoromo na usingizi wa mchana kama wanavyouliza kuhusu homa na kikohozi. Anayeteremka mlima usiku na abiria wake, na mama anayemngojea Shelui, wote wanastahili dereva aliyelala kwelikweli.